Uliyenunua pikipiki ya umeme, siku ile unatoa hela kilitokea nini?

#1 Mzee wa Spea

Habari za jioni wakuu.

Nina mpwa wangu anaendesha bodaboda Mbagala. Mkataba wake na tajiri umeisha mwezi uliopita, kakabidhiwa kadi, Boxer ni yake sasa. Ila Boxer yenyewe imeshachoka. Inakula oili vibaya mno, asubuhi anapiga kiki mpaka jasho linamtoka. Juzi kaja kwangu na wazo: aiuze, aongezee akiba yake, achukue ya umeme. "Mjomba unasemaje?"

Nianze kwa kukiri. Nina duka la spea za pikipiki, mwaka wa tisa huu. Watoto wangu wanasoma kwa plagi, cheni na oili. Pikipiki isiyotaka plagi wala oili siwezi kuwa shabiki wake, na dogo analijua hilo, ndiyo maana alikuwa anauliza huku anacheka.

Nikaona nisimjibu kwa roho mbaya, bora niulize wenyewe walionunua. Wiki ya tatu hii kila anayesimama dukani na pikipiki ya umeme namdaka. Mwanzoni nilikuwa nauliza "kwa nini umenunua?" na wote wananijibu neno moja: mafuta. Sawa, mafuta. Lakini mafuta yamepanda toka 2022 vita ya Ukraine ilipoanza. Septemba 2023 petroli Dar ilipita 3,200 kwa lita, watu wakalala vituoni na madumu, na bado hawa hawa ninaowauliza hawakununua mwaka ule. Kwa hiyo mafuta ni sababu, lakini siyo yaliyowatoa nyumbani na hela mfukoni.

Nikabadilisha swali. Nikawa nauliza: siku ile unatoa hela, kilitokea nini?

Hapo ndipo majibu yakaanza kuachana. Mmoja alikuwa ametoka kwa fundi kaambiwa injini inataka kushushwa, silinda ichongwe, pistoni mpya, ringi, vavu. Akaona hela hiyo akiitoa anarudi pale pale alipokuwa. Akaongezea, akanunua ya umeme. Mwingine alikuwa na jirani kijiweni aliyeitumia masika nzima. Yeye alikuwa anaangalia tu, anasubiri siku itakayozimika kwenye maji. Masika ikaisha haijazimika. Juni akanunua. Mzee mmoja wa miaka hamsini na kitu kaniambia mikono ilikuwa inakufa ganzi usiku kwa mtetemo wa injini, mkewe ndiye aliyesema basi. Huyo wala hajui inakula uniti ngapi.

Mazingira hakunitajia hata mmoja. Wenye matangazo wanisamehe.

Hesabu ninayopiga mimi ni hii, mnisahihishe. Dogo anatembea kama kilomita 120 kwa siku. Boxer kwenye foleni za Dar inampa kama kilomita 40 kwa lita, kwa hiyo lita tatu. Tuweke petroli 2,900, ni 8,700 kila siku, bado oili. Ya umeme kwa mwendo huo, ukiweka na kinachopotea kwenye chaja, ni uniti kama tano. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, 356 kwa uniti, ni 1,780. Inabaki karibu 6,900 kwa siku. Siku 26 za kazi, kama laki na themanini kwa mwezi.

Hesabu tamu hivi huwa siiamini. Mliozinunua, au mlioziacha, leteni. Na mjibu swali lilivyoulizwa.

#2 Kibuyu cha Asali

Nimekaa kiti cha mbele, kahawa ipo.

#3 Jogoo wa Kayole

Niaje wazee. Mimi niko Nairobi. Steji yetu tuko watu thelathini na kitu, saba tuko kwa pikipiki za stima.

Siku natoa pesa? Sikutoa, na hapo ndipo penye siri. Nilikuwa naendesha ya mtu, nataka yangu. Nikaenda benki, wakaniuliza hati ya mshahara. Nikaenda kwa wauzaji wa Boxer wa mkopo, wakataka dipoziti ambayo kama ningekuwa nayo nisingekuwa natafuta mkopo. Kampuni ya stima (jina naliweka mfukoni) ikataka kitambulisho, leseni, cheti cha tabia njema na pesa kidogo ya kuanzia. Nanunua pikipiki bila betri, betri inabaki yao, ndiyo maana bei ya kuanzia inashuka. Nalipa kila siku kwa M-Pesa, na chaji ikiisha napita kituoni, wanachomoa betri wanaweka nyingine, dakika mbili tatu niko barabarani. Wangenipa punda kwa masharti yale ningemchukua punda.

Mafuta sikatai. Septemba 2023 EPRA, wapanga bei ya mafuta wa huku, ilipopeleka petroli 211.64 hapa Nairobi, lita tatu zilikuwa zaidi ya 630 kwa siku kabla sijabeba mtu. Sasa hivi nikijumlisha pesa za kubadilisha betri kwa siku siyo ile nafuu ya Mzee wa Spea, kwa sababu kampuni nayo lazima ile, lakini nabaki na kitu.

Ubaya wake nao ni huu. Mwaka jana nililala na malaria siku nne. Siku ya pili bila malipo pikipiki ikazimwa huko huko ofisini kwao. Nikiwa kitandani haikunisumbua. Ilinisumbua siku ya tano nimepona, nina deni la siku nne na pikipiki haiwaki niende nikatafute pesa ya kulipa hilo deni.

Na Krismasi siendi nayo ushago. Ukitoka nje ya mji wenye vituo, betri ikiisha unasukuma.

#4 Mzee wa Spea

Jogoo umenifungua macho. Kwa hiyo kama Boxer wangekupa kwa masharti hayo?

#5 Jogoo wa Kayole

Wakati ule? Ningechukua Boxer mchana kweupe. Sasa hivi hapana, nimezoea kimya. Abiria mama anaweza kuongea na simu huku nyuma, nasikia mpaka umbea wote.

#6 Mpangaji Sugu

Mzee wa Spea hesabu yako umeipigia kwenye nyumba yako mwenyewe. Ipigie kwenye nyumba ya kupanga uone.

Mimi nilinunua yenye betri ya kutoa, naibeba kama ndoo naingia nayo chumbani. Tulikuwa wapangaji watatu, LUKU moja, tunachangia sawa, hakuna mwenye friji. Usiku wa kwanza nilichomeka kimya kimya kama mwizi. Siku ya nne mama wa chumba cha pili akauliza kwa sauti uani, "hii LUKU imepata tumbo la kuendesha?" Nikakohoa, nikakiri.

Nikanunua mita ndogo Kariakoo, nikaifunga kwenye soketi yangu ili nilipe ninachokula. Nikadhani nimemaliza. Kumbe kuna jambo hakuna muuzaji anayekuambia: nyumba yetu ilikuwa kwenye daraja la chini, lile la watumiaji wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambapo uniti moja inakuja kama 122 ukiweka na kodi. Betri ya pikipiki ikila uniti tano kwa siku, yenyewe peke yake inamaliza hizo 75 ndani ya siku kumi na tano. Nyumba ikahamishwa daraja, kila mtu akawa ananunua kwa 356. Yaani hata taa ya yule mama ikapanda bei kwa sababu yangu. Mita ndogo haiwezi kumfidia hilo.

Mwenye nyumba alikuja na sentensi moja: pikipiki au chumba. Nikahama. Sasa nina chumba chenye LUKU yake, kodi imeongezeka 20,000, na bado napata faida kuliko petroli. Ila pikipiki yangu imenihamisha nyumba, andika hilo kwenye utafiti wako.

Siku natoa hela? Nilikuwa nimesukuma pikipiki kutoka kituo kimoja kwenda kingine mara tatu, vyote vimeandika "hakuna petroli". 2023 hiyo hiyo. Nikaapa palepale, ila kukusanya hela kulinichukua miezi minane.

#7 Jogoo wa Kayole

Huku angalau kuna bei ya peke yake ya stima ya kuchajia, ilianza Aprili 2023 kwa shilingi 16 kwa uniti na 8 saa za usiku, kodi bado. Lakini hiyo inamfaa mwenye kituo chenye mita yake. Mpangaji wa chumba kimoja Kayole haimgusi.

#8 Dada wa Tegeta

Mnaongea kana kwamba pikipiki ni za bodaboda tu. Mimi nauza chakula cha mchana maofisini. Nilikuwa na kijana wa kunipelekea, siku moja akaondoka na hotpoti mbili za wali, namba za wateja na simu ya biashara. Hakurudi. Hiyo ndiyo siku niliyotoa hela.

Kwa nini umeme na siyo Boxer? Klachi. Sijui klachi, sijui gia, na sikutaka kufundishwa na mwanaume anayenipigia kelele. Skuta ya umeme unawasha, unakunja mkono, inakwenda. Nilijifunza uwanja wa shule Jumapili mbili. Nakunja dera langu vizuri naondoka. Chapati hazinuki petroli. Halafu ule mguu wa kulia kwa ndani, wanawake wenzangu mnaujua, alama ya kuungua na eksosi tunayo karibu wote. Hii haina eksosi. Mwanangu namshusha shuleni bila kumwambia "angalia mguu".

Sasa kilio changu. Niliuliza bei, rangi na kama ina sehemu ya kuweka mzigo. Betri sikuuliza, na aliyeniuzia hakusema. Mwanzo ilikuwa inanifikisha kilomita arobaini na kitu. Baada ya miezi kumi, kumi na tano tu, halafu inalia. Nikaambiwa betri zibadilishwe zote. Fundi naye kaninunia kama mimi ndiye niliyeitengeneza.

#9 Fundi Spana Kumi

Dada pole. Hizo zako ni betri za risasi, zile zile ndugu za betri ya gari, zimepangwa tano au sita chini ya kiti. Pikipiki inakuwa rahisi kwa sababu yake, na wengi wananunua kwa sababu ni rahisi, wanarudi kulia kabla ya mwaka.

Volti 72 zidisha ampea-saa 20 unapata wati-saa 1,440, uniti moja na nusu hivi (uniti ni wati-saa elfu moja). Na betri ya risasi haipendi kumalizwa. Ukiikamua mpaka mwisho kila siku, chaji mia tatu, bahati yako mia tano, imechoka. Wewe unachaji kila siku, miezi kumi ndiyo hiyo mia tatu. Haijaharibika, imemaliza umri wake.

Ya lithiamu, hasa hii wanayoiita LFP, inakwenda chaji elfu moja na mia tano, elfu mbili na zaidi, na haichukii joto kama zile lithiamu nyingine. Ni ghali, mara nyingi ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye pikipiki. Kwa mtu wa kilomita 120 kwa siku hakuna mjadala. Kwa mtu wa kwenda sokoni na kurudi, risasi inaweza kumtosha, mradi ajue anachonunua.

Na msisahau kwamba kilomita walizoandika kwenye karatasi ni za mtu mmoja mwembamba kwenye barabara tambarare. Pakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, panda kilima, upepo wa mbele, matairi yana upepo kidogo, toa robo hapo.

Kuhusu mafundi kununa: ni kweli, tunanuna. Nusu yetu hatuna hata mita ya kupimia volti, tumezoea kusikiliza injini kwa sikio. Sasa kitu hakina sauti, utasikiliza nini? Fundi asiyejua kitu atakuambia kitu hicho ni kibovu. Mimi mwenyewe nilisema hivyo mwaka mzima mpaka nilipofundishwa kusoma kontrola, kile kiboksi kinachoongoza mota.

Mzee wa Spea acha woga. Hizi zinakula tairi, brekipedi, beringi na shokamzoba vizuri tu, betri nzito zile. Agiza tairi.

#10 Bwana Mashaka

Wote mnasahau mgao. Mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 tulikaa gizani masaa, nyinyi mnataka chakula cha watoto kitegemee TANESCO. Petroli nikinunua nimenunua, ipo kwenye tenki.

#11 Mpangaji Sugu

Mgao ulilegea Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ulipowashwa. Lakini Bwana Mashaka ana hoja, nguzo ikianguka mtaani kwenu hata megawati 2,115 za bwawa hazikusaidii. Mimi nina shemeji mtaa wa pili, laini yake tofauti. Umeme ukikatika kwangu nabeba ndoo yangu, betri ile, nakwenda kwake, namwachia kahela kidogo ka sabuni. Ila siku ukikatika kote nakaa nyumbani kweli, nisidanganye.

#12 Umusore wa Nyabugogo

Salamu kutoka Kigali. Kwetu swali lako serikali imeshalijibu: tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya abiria ndani ya Kigali haiandikishwi kama siyo ya umeme. Anayeingia kazini leo hachagui.

Ila mimi niliingia kabla ya amri, kwa hiyo nijibu. Ampersand, kampuni ya pikipiki za umeme, walianza hapa 2019 na pikipiki chache tu. Sisi wengine tulikuwa tunawacheka wenzetu, tunawaita wapanda jokofu. Kigali ni milima, mnajua. Tulisema haitapanda. Siku moja mvua imetoka kunyesha, napanda kilima na abiria mnene, petroli yangu inalia gia ya kwanza, jokofu likanipita pembeni na abiria wake wala halina sauti. Abiria wangu akanigonga bega, akauliza, "ile ni ya nani?" Kesho yake nikaenda kuuliza masharti.

Kwa hiyo mimi ni aibu iliyoninunulisha. Hesabu nilipiga baadaye.

Shida ya huku ni foleni ya betri jioni, wakati kila mtu anataka kubadilisha kwa pamoja. Mwenye akili anabadilisha saa nane mchana ikiwa bado ina nusu.

#13 Mswahili wa Bremen

Niko Ujerumani, nafanya kazi ghala moja. Huku ni baiskeli za umeme, siyo pikipiki. Mwaka 2023 ziliuzwa kama milioni 2.1, zaidi ya nusu ya baiskeli mpya zote zilizouzwa nchini. Mnunuzi niliyemzoea mimi ni mzee wa miaka sitini anayetaka kwenda matembezi na mkewe bila mmoja kumwacha mwenzake kwenye mlima. Mota inasaidia mpaka kilomita 25 kwa saa, baada ya hapo miguu yako. Hapana hesabu ya mafuta hapo. Baiskeli ya kawaida ni bure kuiendesha na bado wananunua yenye mota.

Mimi nilinunua lini? Siku mwajiri alipotangaza kwamba unaweza kuchukua baiskeli kwa mkataba, wanakata kidogo kidogo kwenye mshahara kabla ya kodi, baada ya miaka mitatu unaweza kuinunua kwa bei ndogo. Nilikuwa nimepita dukani kuziangalia mara kumi, bei inanifukuza. Ule mkato wa mshahara ndio ulionisukuma. Jogoo wa Kayole na punda wake nimemwelewa sana.

#14 Tajiri wa Tano

Ngoja niwaeleze kitu bodaboda hawapendi kukisikia. Nina pikipiki tano, zote petroli, zote ziko kwa vijana kwa hesabu ya 10,000 kwa siku. Mafuta anaweka nani? Kijana. Oili? Kijana. Mimi napokea 10,000 yangu petroli ikiwa 2,500 au 3,500. Sasa niambieni, hiyo laki na themanini ya Mzee wa Spea inaingia kwenye mfuko wa nani? Nitoe mimi hela nyingi zaidi ninunue ya umeme ili kijana wangu ndiye apate nafuu?

Ndiyo maana pikipiki nyingi mtaani bado ni petroli. Wengi wanaoendesha siyo wanaonunua.

Nilijaribu moja mwaka jana kwa kumwambia kijana hesabu inakuwa 14,000 kwa sababu hanunui mafuta. Akakubali, miezi miwili safi. Unajua nini kilinivutia? Siyo mafuta. Ni ile GPS. Naona pikipiki iko wapi, na usiku naweza kuizima nikiwa kitandani. Mwizi wa Boxer akishaivusha mto tu, spea zinauzwa kesho yake. Ya umeme ataipeleka wapi?

Lakini hapo hapo ndipo niliporudi nyuma. Kama mwizi hana pa kuipeleka, na mimi sina pa kuiuza. Boxer hata ikiwa mbovu, ndani ya wiki nimeshapata mteja. Ile ya umeme niliitangaza miezi miwili, kila anayekuja anauliza betri ina umri gani, nikimwambia anaondoka. Mwisho niliiuza kwa bei ya huzuni.

#15 Mwana wa Mbande

14,000!! Halafu unajiona mfadhili. Uniti anaweka nani?

#16 Tajiri wa Tano

Yeye. Na alikuwa anabaki na zaidi ya wenzake wa petroli, muulize mwenyewe yupo Chamazi. Nisilipwe kwa kutoa mtaji?

#17 Mwana wa Mbande

Nimemuuliza mdogo wangu anaendesha kwa tajiri kama wewe. Anasema wakimletea ya umeme na hesabu ikapanda atakataa, kwa sababu petroli ikishuka bei angalau ni yake, hesabu ikishapanda haishuki kamwe. Nimekosa la kumjibu.

#18 Fundi Spana Kumi

Kuhusu kuuza iliyotumika: anayeuza apeleke betri ikapimwe mbele ya mteja, ichajiwe mpaka mwisho, itumike mpaka mwisho, zihesabiwe uniti. Kama inarudisha asilimia themanini ya ilivyokuwa mpya, mtu mwenye akili ananunua. Tatizo mtaani bado hatuna utamaduni huo, tunauziana kwa kuangalia rangi.

#19 Mzee wa Spea

Wakuu nimerudi, samahani, nilisafiri.

Nimekaa na dogo jana usiku, nikamsomea uzi huu wote. Kwenye ya Mpangaji Sugu akanyamaza. Anakaa chumba cha kupanga, LUKU ya pamoja, na mwenye nyumba wake ni mkorofi kuliko huyo wa kwenye hadithi. Akasema basi mjomba, tuache, nishushe injini tu. Tukapiga bei ya pistoni na ringi kwa bei yangu ya dukani.

Sasa nikiwa nafunga duka nikaangalia ukutani. Duka langu lina LUKU yake na daraja ni hilo hilo la 356 siku zote, hakuna wa kumpandishia. Mchana saa saba mpaka tisa kijiwe kimelala, abiria hamna, jua kali. Usiku duka limefungwa lakini nyuma kuna stoo na mlinzi wa pamoja wa fremu zote. Nikampigia simu dogo saa nne usiku: kama ni soketi, ninayo.

Jumapili kaazima ya rafiki yake, ya lithiamu, kaizungusha Mbagala, Kariakoo, Temeke, na abiria kweli siyo maonyesho. Karudi saa kumi jioni betri imebaki kidogo sana, kachaji dukani, mita ya LUKU tukaiangalia wote wawili kama wapiga ramli. Zilizoingia zilizidi kidogo zile uniti tano nilizosema mimi. Fundi Spana ulisema nitoe robo, nikutoe soda.

Kwa hiyo anachukua, ya LFP, hizi za risasi nimemkataza. Uniti atalipa mwenyewe, mita ndogo tumeshafunga. Wenzake wawili wa kijiweni wameshaniuliza kama na wao wanaweza kuchomeka hapo kwa kuchangia. Bado sijawajibu, nataka fundi wa umeme aje aangalie nyaya kwanza, fremu hii ni ya zamani na sitaki kuunguza duka la watu kwa tamaa ya elfu mbili.

Na Fundi Spana, tairi nimeagiza.

#20 Kibuyu cha Asali

Kahawa imeisha. Hiyo Boxer sasa inaenda kwa bei gani mkuu?

#21 Mzee wa Spea

Njoo PM. Inakula oili, nakuambia mapema usije ukanilaumu. Oili ninayo.